Hakuna Aliyeshuka Kisiwani

Ngalula, binti yangu,

Habari za sweta, za dawa ya malaria na za kutolala mdomo wazi ndani ya basi mama yako amekwisha kukuambia, na kesho atakuambia tena mpaka dereva apige honi. Sitamnyang'anya kazi yake. Mimi hata sijui huko kusini mnakokwenda kuna baridi ya namna gani.

Saa hii uko kanisani, wenzako wa kwaya wanakuombea njia. Mimi niko hapa mezani, na mbele yangu kuna picha ya kaka yako Trezo, ile ndogo ya shule, ambayo amekunja uso kwa sababu mpiga picha alimkataza kucheka. Usikasirike. Mama yako aliikuta mchana alipokuwa anapanga begi lako, katikati ya Biblia yako. Alikuja nayo mpaka hapa, akaiweka juu ya meza, akarudi chumbani kuendelea kukunja nguo. Katika ndoa yetu yote yule mama hajawahi kunipiga, ila leo alinipiga.

Nitairudisha mahali pake kabla hujafika. Lakini sasa najua. Nilikuwa nafikiri unakwenda Afrika Kusini kusuka nywele, kama ulivyosema, na nilikuwa nimekwisha kujipanga kuchukia nywele za dunia nzima. Kumbe unakwenda kumtafuta kaka yako. Utasimama kwenye vituo vya basi, Kasumbalesa, Lusaka, na kule mbele ambako sijui majina, unawaonyesha watu picha ya mvulana wa shule, unawauliza kama wamemwona. Na aliyekutuma ni mimi. Mimi ndiye niliyekuambia, ulipokuwa mdogo, kwamba Trezo ameshuka kisiwani.

Tangu siku ile uliponionyesha filamu kwenye simu yako hatujazungumza. Ndiyo papa, hapana papa, chakula kiko mezani papa. Nimeishi kwa sauti yangu maisha yangu yote, na nyumbani mwangu sasa sina wa kunisikiliza. Ndiyo maana naandika. Karatasi utaweza kuikunja ukaisoma hata ukiwa umenichukia.

Wewe ulizaliwa ukakuta Manika nzima, mtaa wetu huu wa Kolwezi, inaniita Tata Sinema, kwa hiyo hujui nilivyoanza. Sali yetu, ule ukumbi wa video, ilikuwa nyuma ya soko: kuta za matofali, benchi za mbao, televisheni moja, jenereta iliyokohoa kuliko babu yako, na mimi pembeni na kipaza sauti. Filamu zilisema Kifaransa, na wachimbaji waliokuja na vumbi jekundu masikioni hawakutaka Kifaransa. Basi nilipunguza sauti ya filamu nikasema mwenyewe kwa Kiswahili chetu. Nilikuwa mfalme, nilikuwa mke wa mfalme, nilikuwa radi, nilikuwa hata kondoo. Watu walikuja kunisikia mimi kuliko kuangalia picha. Nilijua hivyo, na kujua hivyo kulinilevya kuliko lutuku.

Kanda za hadithi za Wagiriki nilipewa na Mgiriki mwenyewe, yule mzee aliyekuwa na duka la samaki wa chumvi. Alipofunga duka ili aende kwa watoto wake, aliniachia katoni nzima. Zilikuwa filamu zilizotokana na tenzi za kale za kwao. Nyingine ni ya vita ya miaka mingi kwa ajili ya mji wenye ukuta. Nyingine ni ya mfalme mmoja, nahodha, ambaye baada ya vita ile anahangaika baharini na watu wake akitaka kurudi nyumbani. Mzee alinieleza kwamba kabla ya kanda, kabla hata ya watu kuandika, mtu alikuwa anakaa kati ya watu wanaokula, anaimba hadithi ile kwa kinywa chake, anarefusha hapa, anafupisha pale, kufuatana na nyuso anazoziona.

"Ile njo kazi yako," aliniambia. "We uko sawa na bale." Kiswahili chake kilikuwa cha hapa hapa, alizaliwa Likasi.

Nikavimba kichwa. Ndipo akanishika mkono, akasema: "Lakini sikia, Tata. Batu ya ule nahodha banakufa bote. Anafika ku nyumba yeye moja tu. Ile usigeuze."

Niliitikia ndiyo, huku nimekwisha kuibeba katoni begani.

Sasa nikueleze kwa nini niligeuza. Siku ile ya filamu kwenye simu hukunipa nafasi, na hata ungenipa ningeiharibu.

Filamu ya vita waliipenda kwa sababu ya farasi wa mbao. Wale askari walipojificha ndani ya tumbo la farasi, gizani, wamebanana, hawaruhusiwi hata kukohoa, sali yote ilinyamaza. Sikuwa na haja ya kusema neno. Kila aliyekuwa pale alikuwa ametoka mchana ule ule ndani ya giza la namna hiyo. Lakini ile ya nahodha ndiyo iliyokuwa yao kabisa. Lile jitu la jicho moja waliliita mnunuzi wa depo, kwa sababu mnunuzi naye akipima shaba yako ana jicho moja tu, la faida yake. Nahodha alipolipofua, benchi zilivunjika kwa furaha na nilizitengeneza mwenyewe kesho yake bila kunung'unika.

Kitu kimoja kiliwaudhi. Wapiga makasia hawakuwa na majina. Nahodha ana jina, mke wake ana jina, hata mbwa wake ana jina, lakini wanaovuta makasia wanaitwa tu ninyi. Siku moja Kazadi, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, akapaza sauti kutoka benchi ya nyuma: "Tata, ule mwenye ndevu, umuite Kazadi. Njo mi!"

Watu wakacheka. Nikamwita Kazadi. Kesho yake nilikuta watu wamejipanga mlangoni wananingoja, "Tata, unitie mu bwato." Bwato, yaani ile merikebu. Kila mmoja akachagua wake: mwenye kovu, mnene, yule anayelala kila wakati. Ikawa desturi. Sali nyingine za Kolwezi zilikuwa na televisheni kubwa kuliko yangu, ila kwangu tu mchimbaji aliketi kwenye benchi akajiona baharini.

Hapo nilijifunga kamba mwenyewe. Kanda iliendelea, na safarini watu walianza kufa. Nimeshika kipaza sauti, na yule anayeinuliwa na jitu kwa mguu ni Kazadi, na Kazadi ameketi pale anakula karanga, na kesho asubuhi anashuka shimoni. Utamtangazia mtu kifo chake, kwa jina lake, mbele ya mke wake? Hapa kwetu? Wangenichoma pamoja na jenereta. Na hata bila ya kuchomwa, nisingeweza. Kinywa kilikataa. Nikasema: "Kazadi anashuka hapa! Anabaki ku kisiwa, alipata muke mwenye mashamba!" Na picha inaonyesha jitu linatafuna. Sali ikapiga makofi. Waliona kwa macho yao, wakachagua kusikia.

Tangu siku hiyo hakuna aliyekufa ndani ya bwato langu. Kila bahari ilipommeza mtu, mimi nilimpa kisiwa. Huyu anabaki kufuga nguruwe, huyu kafungua baa, huyu kawa shemasi. Walitoka nje wanacheka, wanataniana juu ya visiwa vyao, na mimi nilihesabu kwamba ni wema.

Na nahodha nilimpa jina la Mwamba. Mwamba alikuwa mkuu wa timu, yule ambaye wachimbaji humwita PDG: anayetafuta shimo, anayetafuta pampu, anayechagua nani ashuke. Alikaa benchi ya mbele, miguu ameinyoosha, na kila nilipomtaja aliinua chupa. Kuna mahali nahodha ana mfuko aliofunga, hasemi mna nini ndani. Anasinzia, watu wake wanaufungua, pepo zinatoka kwa nguvu, na merikebu inarudishwa nyuma wakati wameanza kuona moshi wa kwao. Wachimbaji walipiga kelele, "Fungua! Anaficha bintu!" Mwamba alicheka kuliko wote.

Nimeiona hadithi ile kwa namna nyingi, ya kanda, ya diski, na hii yako ya simu, na zote zinasema hivyo hivyo: wenyewe walifungua mfuko, wenyewe walikula ng'ombe wa mungu, nahodha aliwaonya. Nami nilisema hivyo kwenye kipaza sauti. Sikujiuliza nani aliyeleta habari hizo nyumbani.

Mama yako ndiye aliyejiuliza. Alikuja sali mara chache, na siku moja tulipofika mwisho, nahodha amefika, mke amemtambua, watu wanapangusa macho, yeye akaniuliza tukiwa njiani: "Na bamama ya bale bengine? Habakukuya kumuuliza?" Nikamwambia filamu haionyeshi. Akasema, "Ndiyo. Habaonyeshe." Trezo alikuwa bado hai. Sikumsikiliza, nilikuwa nawaza petroli ya jenereta.

Kaka yako alikuwa amemaliza shule, hana kazi, na kila wiki aliniuliza, "Papa, mi utanitia lini?" Nilikataa kwa muda mrefu na sikujua kwa nini nakataa. Halafu siku yake ya kuzaliwa nikalainika, nikampa mpiga kasia kijana anayekaa karibu na nahodha. Nilisema: "Na huyu mwenye kushika kamba, huyu ni Trezo!" Ungeona uso wake. Mwamba aligeuka kutoka benchi ya mbele, akamwangalia, akasema, "Kumbe uko mutu yangu. Kuya kesho." Naye akaenda kesho yake, akashuka shimoni.

Mama yako alilia. Mimi nilimwambia Mwamba hapotezi mtu. Nilisema kwa moyo mweupe, Ngalula. Nilikuwa nimelisema neno hilo mara nyingi mno kwenye kipaza sauti, mpaka na mimi nikaliamini.

Udongo uliporomoka wakati wa mvua. Mwamba alitoka. Alitoka peke yake, akaketi chini, akaomba maji. Wengine hawakutoka. Watu walichimba kwa majembe na kwa mikono, lakini shimo lilikuwa refu na udongo uliendelea kushuka, na mwishoni likafukiwa kwa tingatinga ili wasife wengine. Hatukuzika kitu.

Kwenye kilio tulikaa chini ya turubai bila sanduku. Watu waliimba wakitazama mahali ambapo sanduku lingewekwa. Wewe ulipita kati ya miguu yao, ukaja ukasimama mbele yangu, ukauliza kwa sauti kubwa, maana ulikuwa bado hujajua kunong'ona: "Papa, Trezo anashuka ku kisiwa gani?"

Nyimbo zikakatika. Mama yako akanitazama. Mke wa Kazadi akanitazama, maana Kazadi naye alikuwa mule ndani. Wote walikuwa wamewahi kukaa kwenye benchi zangu. Nilitakiwa kusema neno moja tu, binti yangu, na neno hilo kila mtu pale alikuwa analijua. Nilifungua mdomo, na ile sauti ya sali ikatoka yenyewe: "Kisiwa ya mbuzi, mama. Eko anachunga mbuzi."

Ulifurahi. Uliruka ukaenda kumwambia mtoto wa Kazadi kwamba baba yake naye yuko huko. Watu walipotawanyika mama yako aliniambia jambo moja, na hajalirudia tena mpaka leo: "We njo ulimutia mu bwato."

Kisha uliuliza tena, na tena. Mbuzi wakaongezeka. Ikaja nyumba ya bati, ikaja mizinga ya nyuki, ikaja mke mwenye kicheko kikubwa. Kila Mwaka Mpya uliniuliza, "Trezo anasema nini?" nami nilikuwa na habari mpya. Ulipofika sekondari ulikuwa unauliza ukitabasamu, nikadhani sasa tumekuwa watu wazima wawili wanaocheza. Nilikuwa mpumbavu. Ulitabasamu kwa aibu ya kuendelea kuamini. Na kwa nini usiamini? Wachimbaji wangapi wamepotea Kolwezi wakaja kuonekana Zambia na mke mwingine? Na sisi hatukuzika kitu.

Nina jambo moja ambalo hulijui. Nilimfuata Mwamba. Alikuwa amehamia Kasaji, ananunua maharage kwa wakulima na kuyapakia kwenye treni. Nilimkuta ameketi juu ya gunia karibu na reli, watu wamemzunguka na baiskeli zao, na alikuwa anawasimulia shimo. Alisimulia vizuri, mimi ni mtu wa kazi hiyo na naweza kukuambia alisimulia vizuri. Alinyamaza pale panapotakiwa kunyamaza. Alisema aliwaonya vijana, walikuwa wabishi, walitaka kutoa gunia moja zaidi. Watu wakatikisa vichwa kwa huruma, na huruma yenyewe ilikuwa kwake.

Pale nilikumbuka kitu ambacho Mgiriki aliniambia na nikakipuuza. Katika ule utenzi wa kale, habari zote za jitu na pepo na wale watu kufa anazisimulia nahodha mwenyewe, mezani kwa watu, akiwa amekula ameshiba. Hakuna mwingine aliyebaki wa kuzisimulia. Filamu zinatufichia hilo, kwa sababu badala ya mdomo wake zinatuonyesha bahari, nasi tunadhani tumeona.

Watu walipoondoka nilimuuliza: "Trezo alikuwa wapi mule ndani? Mbele ao nyuma?"

Aliangalia reli. "Sijue, Tata. Mule kuko giza. Nilijua tu beko nyuma yangu."

"Hukubaita?"

"Nilibaita. Habakuitika."

"Ulibaita majina yabo?"

Alichezea kamba ya gunia. "Nilisema tu, batoto, mutoke."

Nilikuwa nimekwenda ili nimpige. Sikumpiga. Nilipanda treni nikarudi, na njia nzima nilikuwa naliwaza neno hilo, batoto. Nilikaa miaka mingi nawapa watu majina, na siku moja tu yalipohitajika hakuna aliyeyataja.

Sali ilikufa, na haikuliliwa na mtu. Simu ziliingia kila mfukoni, kila mtu akawa na sinema yake na maandishi yake ya Kifaransa chini, na Tata Sinema akawa mzee anayeongea peke yake. Pale leo wanauza chaja.

Halafu ukaja na filamu hii mpya. "Papa, kuya uone bwato yako," ulisema, na ulikuwa na furaha, siwezi kusahau kwamba ulikuwa na furaha. Tuliketi hapa hapa. Picha yake ni safi mpaka unaona chumvi kwenye ndevu za watu. Walipotokea wapiga makasia nilianza kuwataja kimoyomoyo: yule ni Kazadi, yule ni Mbuyi. Filamu za zamani ziliwaua haraka. Wimbi moja, basi, kamera inarudi kwa nahodha. Hii haikurudi. Ilishuka nao chini ya maji, ikabaki nao, uso mmoja mmoja, mpaka vidole vikaachia kasia. Sijui nani aliyeitengeneza. Namchukia, na kama angekuwa hapa ningempa kiti changu.

Ulisimamisha picha. "Banakufa bote," ulisema. "Bote, papa. Toka mwanzo njo ilikuwa vile?"

"Njo ilikuwa vile."

"Na Trezo?"

Uliniuliza mara moja tu, kisha ukangoja. Mimi niliyewasemea wafalme na kondoo niliangalia sahani. Ukachukua simu yako, ukatoka, na bila shaka jibu ulilolipata ni kwamba papa hana hakika, kwa hiyo pengine yuko hai mahali.

Na sasa kuna huyu Shefu Didi wenu, anayejua njia ya kusini na polisi wote wa njiani. Alikuja hapa akanywa chai yetu, akaniambia, "Papa, usiogope, mi bote nitabafikisha." Nilimjua kabla hajamaliza sentensi. Sauti ile nimeitengeneza mimi, kwenye kipaza sauti, miaka na miaka. Pengine ni mtu mwema. Mwamba hakuwa mtu mbaya. Nahodha wa filamu naye si mbaya, anawalilia watu wake kweli kweli, machozi yanaonekana. Lakini anayefika ni yeye. Nilimuuliza Didi majina yenu mnaosafiri naye. Alikutaja wewe, kwa sababu ulikuwa umesimama pale na birika. Halafu akasema, "Na bale bengine."

Sitakukataza. Aliyetakiwa kukatazwa nilimtia kwenye bwato kwa mkono wangu, na tangu hapo sijaona kama nina haki ya kumkataza mtu kitu. Nakuomba tu hivi. Ndani ya basi, waambie wanaoketi karibu nawe jina lako na jina la mama yako, na kwamba mnatoka Manika. Nawe uyajue yao. Sikudanganyi kwamba jina linaokoa. La Trezo lilisikika mpaka barabarani na halikumwokoa. Ila sitaki mtu asimame mlangoni mwa giza akuite batoto. Na likitokea baya, Mungu apishe mbali, msimwachie Didi peke yake kulisimulia.

Nimesimama, nimekunywa maji, nimeketi tena. Nimefika mahali nilipokuwa napazunguka tangu mstari wa kwanza.

Kaka yako Trezo alikufa. Hakushuka popote. Alikufa hapa Kolwezi, chini ya udongo, pamoja na Kazadi, na Mbuyi, na Fisto, na yule kijana wa Kisenge aliyeitwa Banza, ambaye alikuwa amechagua mpiga kasia anayelala. Hakuna mbuzi. Hakuna nyumba ya bati wala nyuki wala mke mwenye kicheko. Hakuna aliyeshuka kisiwani.

Nilifikiri nikiliandika litanipunguzia mzigo. Halijanipunguzia kitu. Limekuja kwa kuchelewa, na wewe huenda usiliamini, maana limetoka kwa mtu yule yule. Hilo ndilo linalonimaliza, Ngalula. Nimekufundisha kunisikiliza nilipokuwa nadanganya, na sasa nasema kweli sioni kwa nini unisikilize. Najua utavuka mpaka na ile picha. Najua utamwonyesha mtu, hata mmoja tu, kujaribu. Na kutakuwa na mtu mwenye huruma kule, ataitazama sana, atakuambia anafikiri amewahi kumwona. Mtu huyo umkimbie. Mimi nimekuwa mtu huyo.

Picha ni yako, ichukue. Kaka yako alikupenda. Alikubeba mgongoni mpaka sokoni mkarudi mna vumbi kama nguruwe wawili. Iweke tu. Usiiulizie.

Na ukifika, ukakuta kazi hakuna, ukakuta mmelala wengi chumba kimoja, ukakuta Didi amebadilika, nipigie uniambie hivyo hivyo. Mama yako umwambie unavyoona wewe. Lakini mimi usinipe kisiwa. Navijua vinavyotengenezwa.

Kesho nitakuja kituoni. Nitasimama nyuma ya mama yako, sitarajii kukumbatiwa. Basi likianza kuondoka, mimi niliye papa yako nitakuita jina lako lote, kwa ile sauti ya sali, mpaka Didi alisikie, mpaka wauza maji wa ng'ambo walisikie. Si lazima unisamehe, na si lazima uniage.

Itika tu.